Sketi ya Mti wa Arobaini na Saba

Bomba la bustani la baba lilikufa mwaka wa tatu.
Halikutafunwa na panya, halikukanyagwa na lori.
Lilikakamaa tu, polepole, kama ng'onda,
hata asubuhi moja Eapen, baba yangu, alipolikunja
likajibu: ka!
Akanigeukia mimi, mwenye digrii ya kemia nyumba nzima:
“Ule ulaini umekwenda wapi?”

Swali la mgema mpira.
Nilijua jibu, na jibu halikunipendeza.
Plastiki ile kwa asili yake ni ngumu, kaidi;
hulainishwa kwa mafuta yatokayo chini ya ardhi,
nayo mafuta hayo hayakuoa, yamepanga tu,
siku yoyote hufunga virago.
Huhamia udongoni, majini, kwenye bamia za mama,
na pengine (hapo ndipo nilipokosa usingizi)
kwenye damu ining'iniayo mfukoni, wodi ya Kottayam,
ikimshukia mtoto wa watu tone kwa tone.

Agosti kwetu mbegu za mpira hupasuka mitini.
Usiku mabati hugongwa kana kwamba tuna deni:
ta, ta, kimya, ta.
Hakuna azitakaye. Watoto huzifanya gololi,
zina madoadoa kama yai la kware,
na mama Thankamma huzifagia pamoja na majani, azichome.
Mwaka ule nilimshika mkono wenye ufagio.
“Nipe gunia.”
“La takataka?”
“Hilohilo.”

Tulizikamulia kwenye kinu cha jirani mkamua nazi,
akalalamika juu ya harufu mpaka Krismasi.
Nikayachanganya mafuta na unga mweupe wa plastiki,
nikayapitisha kati ya rola mbili za moto.
Karatasi ya kwanza ilitoka laini; nikacheka peke yangu.
Jumatatu nikaikuta inatoa jasho,
matone madogomadogo usoni
kama mwongo mbele ya hakimu.
Mgeni alikaribishwa ndani, hakupewa kiti.
Bwana Kuruvila, msimamizi wangu, hakusema neno.
Aliifuta kwa leso, akainusa leso,
akaenda kunywa chai.

Basi nikairudia molekuli, mkia wake mrefu wenye viwiko.
Kila kiwiko nikakitundikia chembe ya oksijeni,
kwa asidi ya siki na dawa ya kusafishia vidonda,
saa saba nikikoroga, nikichunga joto lisiruke.
Mara moja liliruka. Dari ina alama mpaka leo.
Chembe ile ndiyo kulabu:
mafuta yakapata pa kushikia.

Safari hii karatasi ilikaa siku kumi, siku tisini, kavu.
Niliikunja ndani ya barafu, ikakubali.
Lakini sitaki kudanganya. Nilipomfukuza mpangaji wa zamani kabisa
ikawa ngumu kuliko inavyotakiwa;
nusu kwa nusu ndiyo iliyopita mtihani.
Nusu yake bado yumo humo, anapapasa kutafuta mlango.
Kuruvila aliandika daftarini: Inaridhisha.
Nami chini yake: Bado.

Kipande kilichobaki nilimpelekea baba.
Juni miti yetu huvishwa sketi za plastiki,
mvua isiingie kikombeni na kuharibu utomvu.
Alichagua mti wa arobaini na saba, mbishi,
wenye makovu ya kisu cha babu.
Akaufunga kiunoni mafuta ya mbegu zake wenyewe,
akarudi nyuma hatua mbili, kama fundi cherehani.

Sasa ni Desemba.
Kila alfajiri huikunja pembe, akatega sikio.
Haijasema ka.
Ila sisimizi wamegundua jambo;
wametafuna upindo, kiasi cha ukucha.
Mama anasema ni dalili njema,
chakula kisichoogopwa na mdudu.
Baba anasema ni hasara.
Mimi nimechukua rula, nimepima,
nimeandika tarehe.